Kushauriwa Si Kuarifiwa

 Leo twataka kuweka mbele yenu suali moja ambalo kwa dhahiri ni jepesi, lakini kila tukilishika twaliona lazidi uzito. Mtu akiitwa mkutanoni, akaketi, akasikiliza, akanyoosha mkono akasema, kisha jina lake likaandikwa katika daftari, je, mtu huyo ameshauriwa? Wengi watajibu: Naam. Hata sisi tulikuwa tukijibu hivyo, mpaka tulipofundishwa na bibi mmoja wa Jericho.

Jericho tuisemayo si ule mji wa Palestina ambao Waarabu huuita Ariha. Ni mtaa ulioko mashariki ya Nairobi, karibu na barabara ya Jogoo, uliojengwa na baraza la mji mwishoni mwa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika. Wako huko ndugu zetu waliotoka pwani kutafuta riziki, wakazaa na wakapata wajukuu. Hao walitutaka tuwasaidie kujenga chumba cha madrasa, nasi tukaona ni heri. Tukakusanya fedha, tukachora ramani, tukatafuta fundi na tukampa arbuni yake.

Baada ya yote hayo ndipo tulipowaita wazee, akina mama na vijana ili, kama tulivyosema, tushauriane. Tukahutubia juu ya fadhila za mashauriano, kisha tukaionyesha ramani. Akasimama bibi mmoja muuza maandazi, akasema kwa adabu: "Samahani, Shekhe mwanangu, mmekuja kutuuliza au kutuambia?" Tukamjibu kwamba tumekuja kuuliza. Akasema: "Basi nikisema mahali hapo hapafai, chumba kitahamishwa?"

Hatukuwa na jawabu, kwani fundi alikuwa amekwisha kulipwa.

Tangu siku ile tumelifikiri sana neno lake, na tumeona kwamba ametupa mizani ambayo hatukuwa nayo. Kushauri si kumpa mtu nafasi ya kusema. Kushauri ni kumwendea hali jambo lako lingali wazi, na neno lake lingali na uwezo wa kuligeuza. Jambo likiwa limekwisha kufungwa, basi unayemwendea wamwarifu tu. Kuarifu si dhambi. Mara nyingine ni wajibu. Dhambi ni kuarifu ukakuita kushauri, kwa sababu hapo umemtwalia mwenzio ridhaa ambayo hakukupa, ukaitumia kama ushahidi juu yake.

Tutazame mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Madina ilipozingirwa, alifikiri kuwapa viongozi wa Ghatafan theluthi ya tende za Madina ili warudi na watu wao. Maneno yalikuwa yamekwisha zungumzwa, na mkataba ulikuwa karibu kutimia. Lakini kabla ya kuutimiza aliwaita Saad bin Muadh na Saad bin Ubada, mabwana wa Ansari, kwa sababu tende zile zilikuwa zao na za watu wao. Wakauliza: je, hili ni amri ya Mungu, au ni rai unayoitaka kwa ajili yetu? Walipojua kuwa ni rai, walikataa, na mkataba ukafutwa. Wenye tende waliulizwa kabla, waliambiwa ukweli wa hali ilivyo, na neno lao likatenda kazi. Hizo ndizo nguzo tatu za mashauriano, na ikianguka moja, nyumba nzima haisimami.

Huenda mtu akasema: "Watu wa kawaida wakiulizwa hukosea." Twakubali kuwa hukosea. Katika Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, rai ya Mtume ilikuwa kubaki mjini. Wengi, hasa vijana waliokosa Badr, wakataka kutoka, naye akaifuata rai yao. Yaliyotokea mwayajua. Lakini baada ya msiba ule hakuambiwa aache kuwauliza. Katika Sura ya Aal Imran, aya ya 159, aliamrishwa awasamehe, awaombee maghfira na ashauriane nao. Basi mashauriano hayakuwekwa kwa kuwa wengi hawakosei. Yamewekwa kwa kuwa mtu ana haki katika jambo litakalomgusa, na haki haiondoki kwa sababu mwenyewe aweza kukosea. Kama ingekuwa hivyo, ni mtawala gani angebaki na haki ya kuamua lolote?

Sheria za nchi yetu nazo zimelifikia jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 10, imeuhesabu ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Mwezi Aprili 2014, Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza kwamba wanaotunga sheria wapaswa kuwatafuta watu mahali walipo, akataja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio. Tazameni, ndugu zetu: jaji ameutaja msikiti kuwa mahali pa kuwashauri raia, na sisi wenye misikiti twaufunga mara tu baada ya Isha! Na mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya tumbaku, ilisisitiza kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli, usiwe pambo.

Lakini sheria ina mpaka wake. Mwezi Oktoba 2024, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, Mahakama ya Juu iliona kwamba hakuna sharti la wazi la kulilazimisha Bunge kutoa sababu za kuyakubali au kuyakataa maoni ya watu, ingawa kutoa sababu ni mwendo mwema. Hapo sheria husimama, na dhamiri huendelea na safari. Mtu akikupa rai yake, ukaikataa bila ya kumwambia kwa nini, umemfanya kama aliyesema na ukuta. Sheria yaweza kukuachia. Je, uungwana utakuachia?

Watu wa pwani hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Lamu ilikusudiwa kujengwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, mahali paitwapo Kwasasi. Mikutano ilifanyika, na watu wakaitwa. Lakini tarehe 26 Juni 2019, baraza la kitaifa linaloamua kesi za mazingira liliifuta leseni ya kiwanda kile. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba mikutano ilifanywa kabla ya uchunguzi wa madhara kukamilika, na uchunguzi ulipokwisha wananchi hawakurudiwa ipasavyo na kuelezwa yaliyomo. Mvuvi ataulizwaje juu ya jambo ambalo muulizaji mwenyewe hajalipima? Sisi Jericho tuliwaita watu wakiwa wamechelewa. Kule waliitwa mapema mno, kisha wakasahauliwa. Makosa ni mawili, tunda lake ni moja.

Wala tusidhani kuwa jambo hili haliwezekani. Si mbali na Jericho iko mitaa ya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, yenye nyumba za mabati zilizosongamana. Mwezi Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza kuwa eneo hilo litafanyiwa mpango wa pekee. Kaya zake zilikuwa kama 100,000. Ni ukumbi gani utakaowatosha? Basi wakaazi walipangwa nyumba kumi kumi, kila kumi na mwakilishi wao, na wawakilishi wakakutana kwa vijiji. Vyama na taasisi zaidi ya 40 zikagawana kazi: hawa maji, hawa afya, hawa ardhi, hawa elimu. Na kabla ya kuulizwa wataka nini, hali yenyewe ilihesabiwa: maji yanunuliwa kwa bei gani, vyoo ni vingapi, njia ni pana kiasi gani. Mwenye chumba kimoja cha mabati akakaa na mhandisi wakaitazama ramani moja.

Hatusemi kuwa Mukuru imekuwa pepo. Mwezi Novemba 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kwa ajili ya barabara. Hilo latufundisha kwamba mashauriano si hirizi ya kufungwa mkononi mara moja. Ni ahadi inayohitaji kulindwa kila siku.

Basi anayetaka kuongoza mashauriano na ajifunze, kama ajifunzavyo mtu nahau na hesabu. Kwanza, ajiulize nafsi yake: ni lipi katika jambo hili lingali wazi? Ikiwa hakuna, aseme kweli kuwa amekuja kuarifu. Pili, awape watu habari mapema, kwa lugha waijuayo, na awape siku za kufikiri. Tatu, aitazame saa na mahali, kwani mkutano wa saa nne asubuhi humkosa kibarua, na mkutano wa usiku humkosa mama mwenye mtoto. Nne, awatafute wasiokuja, maana wenye sauti kubwa hawakosekani popote. Tano, arudi. Awaambie: mlisema haya, hili tumelichukua, na lile tumeliacha kwa sababu hii.

Wala lawama si ya waitao peke yao. Ni wangapi kati yetu huitwa wasende, kisha wakanung'unika barazani? Ni wangapi hutia saini kwa ajili ya soda na nauli, bila ya kuuliza wametia saini nini? Anayeuza neno lake kwa soda asishangae likinywewa. Mitaa ya zamani kama Jericho imo katika mipango ya kubomolewa ijengwe maghorofa, na hapa Mombasa nyumba za Buxton zilibomolewa mwaka 2021. Siku ya kuulizwa yaja kwa kila mtaa. Atakayekuwa amejifunza kusoma ramani na kuuliza suali la bibi yule ndiye atakayefaidi, na atawafaidisha majirani zake.

Huenda mmoja wenu auliza yalikwishaje yale ya Jericho. Tuliirudisha ramani mfukoni. Baada ya wiki mbili tukaita mkutano mwingine, baada ya Asri siku ya Jumapili, tukawaambia wazi kwamba mahali, ukubwa na saa za masomo yako wazi. Kilichofungwa ni kiasi cha fedha tu. Yule bibi akatuonyesha kwamba pale tulipopachagua maji ya mvua hukusanyika kila masika, naye huyaona kila alfajiri akiwasha jiko lake. Hakuna fundi aliyelijua hilo, wala shekhe. Chumba kikahamishwa. Fundi hakuturudishia arbuni yote, na hasara ile tuliilipa kwa mifuko yetu, hatukuitoa katika fedha za waumini, kwani kosa lilikuwa letu.

Twaiona kuwa ni karo ya darsa. Tumesoma vitabu vya mashauriano miaka mingi, na maana yake tumeipata kwa muuza maandazi. Twamuomba Mola atupe masikio kabla ya kutupa ndimi, na atujaalie ujasiri wa kuuliza jambo lingali wazi. Wallahu aalam.