Meza ya Kujihudumia

Mwaka 2018 binti wa kaka yangu aliolewa mjini Singida, nami nikawekwa katika kamati ya harusi, upande wa vinywaji. Anayezijua harusi zetu anajua kuwa nafasi hiyo ina lawama kuliko zote. Chakula kikipungua, watu husema wageni walikuwa wengi. Kinywaji kikipungua, husema mtu wa vinywaji amekificha.

Katika kikao cha tatu tulibishana sana. Wenzangu walitaka tiketi: kila mgeni apewe mbili mlangoni, akabadilishe kaunta. Mimi nilipinga. Nilisema kwamba mtu aliyechanga fedha zake, akafua nguo yake nzuri na kusafiri katika vumbi la Septemba, hastahili kupimiwa kama mfungwa. Nikapendekeza meza moja ndefu ya shampeni, iwekwe wazi ukumbini, kila mtu ajimiminie. Mzee mmoja wa kamati akasema vijana wataondoka nazo chini ya makoti. Nilimjibu kuwa ukimwamini mtu, humpa sababu ya kuwa mwaminifu. Tukapiga kura, nikashinda kwa kura mbili.

Sisi huita shampeni kila mvinyo utoao mapovu, ingawa kwa haki jina hilo ni la mvinyo wa jimbo la Champagne huko Ufaransa. Zetu zilitoka Afrika Kusini. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 6 za mililita 125; kwa hiyo kwa wageni 180 nilinunua chupa 36, nikabaki na akiba ya glasi 36. Chupa 12 kati ya hizo hazikuwa na kilevi. Hizo niliziweka kwenye meza yake, zikiwa na kibao chake, kwa ajili ya Waislamu, walokole na wote wasiotumia. Nilizilaza chupa katika mabeseni ya barafu iliyochanganywa na maji, maana mchanganyiko huo hupoza upesi kuliko barafu tupu.

Kazi ya kufungua sikuwaachia wageni. Ndani ya chupa ya namna hiyo mna mkandamizo unaozidi mara mbili ule wa tairi la gari dogo, na kizibo kikifyatuka chaweza kumpofusha mtu. Kijana mmoja alisimama nyuma ya meza, akawa anafunika kizibo kwa kitambaa, anakishika imara, kisha anaizungusha chupa polepole. Alikuwa pia na kazi ya kuwazuia watoto. Mbele ya meza niliandika kwa herufi kubwa: KARIBU, JIHUDUMIE.

Mambo yalikwenda vizuri. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mjini, vijana waliotoka Dodoma na Dar es Salaam, wote walifika mezani, wakajimiminia, wakacheka, wakarudi kuketi. Hakuna aliyeficha kitu. Usiku tulipohesabu, chupa 9 zilikuwa hazijafunguliwa. Nilimtazama yule mzee wa kamati kwa macho ya ushindi, naye akainamisha kichwa.

Jumatatu nilikwenda kijijini, upande wa Ilongero, kumshukuru mjomba wangu, kaka yake mama. Alikuwa ametoa mbuzi na gunia la mtama kwa ajili ya harusi ile. Nilimkuta chini ya mti, akanipa kigoda. Baada ya kusalimiana nikamuuliza kama alifurahia.

“Tulifurahi,” akasema. “Ila koo zilitukauka.”

Nilidhani anatania. Nikamwambia vinywaji vilikuwapo, tena vikabaki.

“Tuliviona, mpwa wangu. Mimi na wazee wenzangu tulikaa karibu na ukuta tukivitazama. Tulidhani ile ni meza ya watu wa kamati. Baadaye mtoto mmoja akatusomea kile kibao. Tukangoja mtu aje atuite.” Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Wewe umewahi kuja kwangu ukajichotea mtungini?”

Sikuwa na jibu. Tangu nikiwa mtoto nimeona jinsi pombe ya mtama inavyotolewa nyumbani kwake. Mwenye nyumba huchota, huonja kwanza yeye ili mgeni awe na amani, kisha humkabidhi mgeni kwa mikono miwili. Mgeni anayeinuka mwenyewe na kushika kata huyo ama ni mlafi ama hana malezi. Mjomba wangu alikuja ukumbini na malezi yake, nayo yakamnyima kinywaji.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi sasa. Hoja yangu ya kikaoni ilikuwa juu ya uaminifu, na katika hilo sikukosea; zile chupa 9 ni ushahidi. Lakini nilizihesabu kama ushindi, kumbe baadhi yake zilikuwa glasi za wazee waliokaa ukutani. Hata tiketi nilizozidharau zingemfikia mjomba, kwa sababu kuna mtu angemtia mkononi.

Naona leo kwamba nilichanganya vitu viwili. Haki mtu aweza kuiendea na kuichukua. Nikilipa chakula mgahawani kisha nikaambiwa nijipakulie, hakuna anayenidharau, kwani ninachukua kilicho changu. Heshima haichukuliwi hivyo. Lazima itoke mkononi mwa mwingine. Kinywaji cha harusi ni cha namna hii ya pili. Niliwapa wageni wote uhuru uliolingana, nikaamini nimewatendea sawa. Waliozoea kumbi wakanufaika, na wasiozoea wakarudi kwao na kiu, wakijiona hawakualikwa hasa.

Wengine wataniambia kuwa dunia inabadilika, na kwamba wazee nao hawana budi kujifunza kusoma vibao. Huenda. Lakini mwenyeji ndiye aliyemwita mgeni. Mzigo wa kuelewana ni wa nani kwanza?

Harusi iliyofuata katika ukoo wetu nilipewa tena vinywaji. Meza niliiweka vilevile, wazi, bila tiketi. Safari hii nilichagua vijana wanne, nikawapa sinia, nikawaagiza wasimjali anayekuja mezani, wamtafute aliyekaa. Mimi mwenyewe nilibeba glasi mbili mpaka kwa mjomba, nikaonja moja mbele yake, nikampa nyingine kwa mikono miwili. Akaipokea, akanywa kidogo, akakunja uso kwa yale mapovu.

“Haina nguvu,” akasema. Kisha akaimaliza.