Usingoje Mabati
Andiko: Nehemia 8:13-18



Mvua za 2024 zilipofurisha mto, nyumba ya mama mmoja wa ushirika wetu ilienda na maji. Kwa sababu nimesomea biashara, nikapewa kazi ya kumjengea nyingine. Nikaandika bajeti: mabati, mbao, misumari, fundi. Nikalinganisha bei za maduka matatu. Nikangoja kamati ikutane. Wiki mbili zikapita.

Siku nilipompelekea ile bajeti, nilimkuta ndani ya kibanda. Vijana wa mtaa, wengine hata kanisani hawaingii, walikuwa wamekata matawi ya mkaratusi, wakachimbia nguzo nne, wakafunga fito kwa kamba za magunia na kutandika nailoni kuukuu juu. Wakachimba mtaro kuzunguka ili maji yapite nje. Kazi ya jioni moja, bila shilingi.

"Karibu chai, Pasta. Keti, mwanangu."

Ile karatasi sikuitoa mfukoni. Nilimwomba msamaha. Akacheka, akasema, "Maliza chai, halafu unishikie hii kona, upepo unaiinua."

Wapendwa, someni Nehemia. Watu waliposikia neno la sheria hawakungoja mawe ya kuchonga. Walienda mlimani, wakaleta matawi ya mzeituni, mihadasi na mitende, wakajenga vibanda juu ya nyumba zao, uani, hata katika nyua za nyumba ya Mungu. Walawi 23 inatupa sababu: wakumbuke kwamba baba zao walikaa vibandani Mungu alipowatoa Misri. Tajiri na maskini, wote chini ya majani siku saba. Na Biblia inasema furaha ilikuwa kubwa sana.

Sisemi bajeti ni dhambi. Nyumba ya yule mama tuliijenga baadaye, kwa bajeti ile ile. Lakini kati ya mvua na mabati kuna usiku. Je, usiku huo mtu analala wapi?

Wiki hii angalia nyuma ya nyumba yako. Kuna turubai, fito, gunia, bati la zamani. Na karibu nawe kuna mtu ananyeshewa. Nenda ushike kona.

Tuombe: Bwana, tusamehe pale tulipopanga sana na kuchelewa kupenda. Tupe mikono myepesi. Katika jina la Yesu, Amina.