Sitara na Amana ya Tumbo

Tumeulizwa katika darasa letu suali ambalo hatukuona haki kulijibu faraghani, kwani wenye haja nalo ni wengi. Muulizaji ni ndugu yetu, mtu wa Pwani, aliyehamia Kericho kwa biashara. Asema kwamba jirani yake, mfanya kazi katika mashamba ya chai, ajijua kuwa ana virusi vya Ukimwi, na mkewe ni mja mzito wala hana khabari. Jirani huyo alimfunulia siri yake, kisha akamfunga kinywa kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba Muislamu ameamrishwa kusitiri aibu. Ya pili, kwamba mtoto aliye tumboni yumo katika hifadhi ya Mwenyezi Mungu, na lililoandikwa halina budi kuwa. Ndugu yetu akanyamaza. Sasa auliza: Je, kunyamaza kule ni sitara au ni khiyana?

Wanavyuoni husema kwamba hukumu ya kitu hufuata kukifahamu kitu chenyewe. Basi natuanze hapo.

Mtoto tumboni hakuachwa wazi. Baina yake na mama yake pana kondo la nyuma, ambalo wengi wetu hatulijui ila siku linapozikwa. Hilo hufikia yapata nusu kilo mtoto anapozaliwa, na kazi yake ni ya ajabu. Damu ya mama hupita upande mmoja, na damu ya mtoto upande wa pili, wala hazichanganyiki. Chakula na hewa huvuka kwenda kwa mtoto, na taka zake hurudi kwa mama. Hata kinga ambayo mwili wa mama umeipata kwa maradhi ya zamani huvuka ikamlinda mwana.

Lakini pazia hili halizuii kila kitu. Katika mwaka 1941 tabibu mmoja wa macho huko Australia, Norman Gregg, aliona watoto wengi wamezaliwa na mtoto wa jicho, akatambua kuwa mama zao walipata rubela walipokuwa na mimba changa. Virusi vya Zika, vilivyogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Uganda karibu na Entebbe, navyo huvuka. Na walimwengu waliona madhara yake huko Brazil mwaka 2015, watoto walipozaliwa na vichwa vidogo.

Ama virusi vya Ukimwi, jambo lao ni jingine. Kondo lenye afya huvizuia mara nyingi. Watoto walio wengi katika wale wanaoambukizwa na mama zao hawaambukizwi katika miezi ya mwanzo ya mimba, bali mwishoni mwake, au wakati wa kuzaliwa, au kwa maziwa. Mama asiyepata dawa, khatari ya kumwambukiza mwanawe, pamoja na kunyonyesha, ni baina ya 15 na 45 katika kila 100. Akipata dawa na akadumu nazo, khatari hiyo hushuka chini ya 5 katika 100.

Zingatia, ewe msomaji. Pale ambapo mwanadamu hana mkono wa kufika, Mwenyezi Mungu ameweka mlinzi asiyelala. Na pale mlinzi huyo anapokomea, ametuwekea akili, na tabibu, na dawa. Katika mwaka 1999 ilidhihirika katika hospitali ya Mulago, Kampala, kuwa dawa ya nevirapini, tembe moja kwa mama wakati wa uchungu na matone kwa mtoto katika siku tatu za mwanzo, ilipunguza maambukizo karibu nusu kuliko dawa iliyolinganishwa nayo. Na tangu mwaka 2014 Kenya imeshika mwendo wa kumpa dawa za maisha kila mja mzito mwenye virusi.

Basi yule asemaye kwamba mtoto yumo katika hifadhi ya Mungu amesema kweli, kisha akaitumia kweli hiyo kubomoa hifadhi yenyewe. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, alirudi na watu wake. Na alipoulizwa kama anaikimbia kadari, jawabu yake ilikuwa kwamba hata kule kurudi ni katika kadari. Dawa nayo ni katika kadari. Aliyeacha mlango wazi hana haki kumsingizia Mola wake pindi mwizi aingiapo.

Sasa tuijie hoja ya sitara. Sisi watu wa Pwani twaipenda sitara, na ni tabia njema. Lakini kinachositiriwa ni aibu iliyokwisha, si madhara yanayokwenda. Muuza ng'ombe akificha maradhi ya ng'ombe wake, hatusemi kuwa amesitiri. Twasema ameghushi, na biashara yake yavunjika. Je, mke na mtoto ni duni kuliko mnunuzi wa ng'ombe?

Na kunyamaza kwa mume huyu kwadhuru zaidi ya anavyodhani. Yamkini mkewe hajaambukizwa bado. Hupimwa kiliniki mwanzo wa mimba, akaambiwa yu salama, akarudi nyumbani ametua moyo. Kisha akiambukizwa wakati wa mimba au wa kunyonyesha, virusi huwa vingi mno mwilini katika siku za mwanzo, na khatari kwa mtoto huzidi. Ndipo waganga hushauri mja mzito apimwe tena, na mumewe apimwe pia.

Wala asidhani mtu kuwa kisa hiki ni cha nadra. Mashamba ya Kericho na Bomet yamewakusanya watu wa kabila nyingi, wengine wakiwa mbali na kwao. Wachunguzi walipowapima watu wa shamba la chai Kericho mwaka 2003, wapatao 2,800, walikuta kiasi ya 14 katika kila 100 wana virusi, na wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Siku hizi dawa zimeenea, lakini mwenye kuficha hali yake humfungia mkewe mlango wa kujihadhari.

Na sisi tusio na virusi tusijitakase. Mwanamke ndiye apimwaye kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aendaye kiliniki; basi hurudi na khabari, akaambiwa yeye ndiye aliyeleta maradhi nyumbani. Huachwa, na jina lake likapita barazani. Ikiwa ndivyo tumlipavyo msema kweli, twashangaaje watu wakificha? Sitara tuliyoamrishwa ni hii: tuufunge ulimi juu ya mgonjwa, ili yeye aweze kuufungua wake kwa mwenye haki.

Jawabu yetu kwa ndugu yetu ni hii. Arudi kwa jirani yake kwa upole, wala asimuaibishe. Amwambie kuwa kumwambia mkewe ni haki ya mke juu yake. Na wakitaka, afuatane nao kwenda kwa tabibu. Ampe muda, lakini muda mfupi, kwani mimba haingoji. Akikataa kabisa, basi siri haiwi na uzito kuliko nafsi mbili: na amfikishie khabari tabibu amwangaliaye mama huyo, wala asimwambie mtu mwingine.

Kondo la nyuma halina akili wala halikuahidi kitu, nalo hulinda amana mpaka siku ya mwisho. Mume aliahidi mbele ya mashahidi. Haifai nyama ile isiyosema iwe mwaminifu kumshinda.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuafikie katika kweli, na awahifadhi wazazi na watoto wao. Amin.