Mizani ya Mabingwa wa Barafuni

Nani bora kati ya mabingwa wasiopata kukutana uwanjani? Swali hili huwashughulisha mno wapenzi wa hoki ya barafuni huko Kanada, na aghalabu hulijibu kwa hesabu. Maurice Richard wa Montreal alifunga mabao 50 katika mechi 50 za msimu wa 1944–45. Wayne Gretzky alifunga 92 katika msimu wa 1981–82. Tarehe 6 Aprili 2025 Mrusi Alexander Ovechkin alifunga bao lake la 895 katika ligi kuu, akaipita jumla ya Gretzky.

Lakini idadi ni shahidi asiyesimulia mazingira. Enzi ya Richard ligi kuu ilikuwa na timu sita tu, na wachezaji wengi walikuwa wamekwenda vitani. Zama za Gretzky mabao yalimiminika kwa kila timu. Zama za Ovechkin yamekuwa adimu zaidi. Ndiyo maana wenye busara husema: kila bingwa na apimwe kwa wenziwe wa enzi yake. Hiyo ni insafu, ila haijatimia.

Kwani wenziwe ni nani? Herb Carnegie alizaliwa Toronto mwaka 1919, wazazi wake wakiwa Wajamaika. Mara tatu alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake huko Quebec, lakini hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Mtu mweusi wa kwanza kuicheza ligi hiyo, Willie O'Ree, aliingia mwaka 1958. Carnegie alifariki mwaka 2012. Jina lake likatiwa katika jumba la mashujaa wa hoki mwaka 2022.

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga. Methali hiyo yaeleza desturi ya dunia, wala haiihalalishi. Asiyekuja na aliyezuiwa mlangoni hawawi sawa, ijapokuwa daftari huwaandika wote wawili sifuri.

Basi itendeke nini? Kumwandikia Carnegie mabao asiyoyafunga ni uongo. Kumpokonya Richard yake ni dhuluma, kwani si yeye aliyeufunga mlango. Lililo haki ni dogo, nalo ni zito: anayetamka "bora kuliko wote" aitimize kauli yake kwa maneno matatu, "miongoni mwa walioruhusiwa".