Fadhila ya Punda

Waswahili husema fadhila ya punda ni mateke. Tangu nianze kumzoesha mbio punda wa mjomba hapa Kiembe Samaki, najiuliza: kati yetu na punda, nani anamdai mwenziwe fadhila?

Mchana punda huyu huvuta gari la mchanga na matofali. Jioni, nikishaweka kando vitabu vya shahada ya uzamili, namfundisha kuzoea mkono, kisha sauti, kisha kukimbia hatua chache na kupumzika. Kule Lamu, mbio za punda ni sehemu ya shamrashamra za Maulidi; natamani siku moja tushindane hivyo hapa Unguja.

Somo la kwanza alinipa mjomba: "Mwanangu, akisimama usimpige. Tazama anachokiona." Farasi akiogopa hutimua mbio, punda aghalabu husimama, akapima hatari. Sisi tumeuita ukaidi. Mimi naona ndiyo lugha yake ya kukataa.

Basi kumfundisha ni kumwongezea uwezo, au kumnyang'anya hiyo "hapana" yake? Fimbo hujibu haraka: atakimbia, kwa kuwa kukataa kunauma.

Mwaka 2005 Falme za Kiarabu zilipiga marufuku watoto kupanda ngamia wa mashindano, na nafasi yao ikachukuliwa na roboti ndogo. Mtoto aliokolewa, na ilikuwa haki. Lakini roboti nazo zilifungwa viboko. Aliyefikiriwa ni mpandaji. Mpandwaji alibaki vilevile.

Rafiki yangu mmoja hunicheka: "Unakula kwa jasho la gari lake, halafu unaona huruma kwenye mchezo?" Hoja yake ni nzito. Hata hivyo, gari lina udhuru wa haja: ndilo linalotulisha sisi, na yeye pia. Mbio hazina udhuru huo. Hakuna atakayelala njaa punda asipokimbia. Kwa hiyo mchezo, kuliko kazi, unahitaji ridhaa ya mnyama, na ridhaa ya asiyeweza kukataa si ridhaa.

Nimejiwekea sharti: sibebi fimbo, na akisimama mara mbili, mazoezi yameisha. Jana alisimama mara mbili kabla hatujafika hata kwenye mwembe. Nikamfungua hatamu, nikampa maji. Mjomba anasema kwa mwendo huu tutakuwa wa mwisho kila mashindano. Huenda ni kweli. Kesho jioni nitamtoa tena, nione kama atakubali.