Kisiwa Kilichonunuliwa kwa Nguo

Masimulizi ya Kilwa Kisiwani yanasema mgeni kutoka Shirazi, Uajemi, alikinunua kisiwa kwa nguo. Mwenyeji, ambaye baadhi ya wasimulizi humwita Mrimba, alitaka kisiwa kizungushiwe vitambaa. Kikazungushiwa, naye akahamia bara. Tarikhi ya Kiarabu ya mji huo inaongeza kwamba mgeni alichimba mlango wa bahari, ili maji yakipwa mwenyeji asivuke tena kwa miguu.

Je, ni kweli? Mwaka 2023 utafiti wa DNA ya mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani ulionyesha kwamba kuanzia kama mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Wengi walishangilia: kumbe wazee hawakututania! Mimi sikuona cha kushangilia. Mifupa haijui habari ya nguo, na nguo ndiyo roho ya kisa.

Msimulizi angeweza kusema tu kwamba walifika wakakaa. Badala yake anasisitiza kwamba walilipa, na bei yenyewe anaitaja. Anayesisitiza hivyo anajua kuna mtu bado anamdai. Halafu kuna ule mlango wa bahari: kama deni liliisha, kwa nini kuchimba? Mwaka 1926 mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski aliandika kwamba kisasili ni kama hati inayohalalisha mila na haki za jamii. Nakubaliana naye nusu. Hati hunyamazisha upande wa pili. Kisa hiki kimemhifadhi Mrimba pamoja na hofu ya aliyemrithi.

Kwa sababu hiyo hakijapata mwenyewe mmoja. Wakoloni walikitumia kudai kwamba misikiti ya mawe ni kazi ya wageni, ingawa kule Shanga, Lamu, wachimbuaji wamekuta chini ya msikiti wa mawe misikiti ya awali ya udongo na miti. Unguja na Pemba mambo yaligeuka kabisa. Watu waliojiita Washirazi walimaanisha kwamba wao ndio wa visiwani tangu zamani, kabla ya Waarabu wa Oman. Mwaka 1957 baadhi yao waliungana na Waafrika wenye asili ya bara katika chama cha Afro-Shirazi, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 chama hicho kikashika dola. Jina la mgeni wa Kilwa lilikuwa limekwisha kuwa dai la wenyeji.