Haki ya Mwenye Kungoja

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona gazeti la dini likizungumzia kompyuta. Lakini hakuna kazi ya mwanadamu, hata iwe ndogo namna gani, isiyohusika na amri ya kusema kweli.

Iko mifumo ya kompyuta, mmojawapo ni Gentoo, ambayo kwa desturi haimletei mtumiaji programu iliyokwisha kuundwa. Programu isimamiayo vifurushi, iitwayo Portage, huleta maandishi ya asili ya kila kifurushi, kisha hukijenga palepale katika mashine ya mtumiaji. Kazi hiyo yaweza kwisha kwa dakika moja, au ikachukua saa nyingi. Mtumiaji huketi mbele ya kioo na kujiuliza: Je, kazi inaendelea, au imekwama?

Aambiwe nini? Waundaji wengi wa programu huchora mstari unaojaa polepole pamoja na asilimia. Mwaka 1985 mtaalamu Brad A. Myers alionyesha katika utafiti wake kwamba watu hupendelea kuonyeshwa alama kama hiyo kuliko kuachwa gizani. Si ajabu. Katika Sura Al-Kahf tunasoma habari za Nabii Musa a.s. na mja wa Mungu aliyefuatana naye, na humo twafundishwa kwamba ni vigumu mtu kusubiri juu ya jambo asilolijua. Basi kumpa habari mwenye kungoja ni kumsaidia katika subira, na kumnyima bila sababu ni kumdhulumu.

Lakini hapa ndipo penye mtihani. Mashine yenyewe haijui kwa yakini ujenzi utachukua muda gani. Inajua tu ni vifurushi vingapi vimekwisha na vingapi vimebaki. Atakayeandika kwamba asilimia 90 ya muda imepita, hali hajui, amebuni. Pengine mtu atasema: “Uongo huo mdogo ni huruma, kwani unamtuliza.” Sivyo hata kidogo. Siku ujenzi utakapokwama kweli, atauamini vipi mstari uleule uliokuwa ukimbembeleza? Aliyetulizwa kwa uongo hatatulizwa tena hata kwa kweli.

Portage huandika tu kwamba sasa kinajengwa kifurushi cha 3 kati ya 12, na hukitaja kwa jina. Huenda cha 12 kikawa kizito kuliko vyote vilivyotangulia. Lakini hesabu ile haikudai kupima muda. Na ujenzi ukishindikana, kosa huonyeshwa waziwazi. Katika Sura Al-Ahzab waaminio wameamriwa kusema neno lililonyooka. Neno lililonyooka si lile tu lisilo la uongo, bali ni lile lisilomwachia msikilizaji njia ya kupotoka.

Nasi tujiangalie. Mtu anapoingia katika dini, hutuuliza: “Dua yangu itajibiwa lini? Jamaa zangu watanirudia lini?” Tukimwambia, “Bado siku chache tu,” tumemchorea mstari wa uongo, na siku hizo zikipita imani yake itatikisika kwa kosa letu. Tumwambie tunalolijua: Mwenyezi Mungu anasikia, hatua hii umekwisha kuivuka, na wakati uko mikononi Mwake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli kwa wote wanaongoja. Amin.